Tupeane uzoefu: moshi wa sigara kwenye baa, hoteli na ofisi

Wakuu, habari za mchana. Uzi huu ni wa wanaosimamia majengo na magari ya abiria. Kenya ina Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, iliyoanza kutumika 2008. Anayevuta mahali pa umma anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 50,000, kufungwa hadi miezi 6, au vyote viwili. Kinachowasumbua wengi ni utekelezaji. Mwenye ujuzi auweke hapa, hatua kwa hatua.

Fundi wa AC, Mombasa

Naanza na chumba cha kuvutia sigara. Kenya inakiruhusu kwa masharti: kizibwe kuanzia sakafuni hadi darini, na hewa yake itolewe nje moja kwa moja bila kupenya kwingine. Hapo kwenye dari ndipo kazi inapoharibika. Ukuta wa jipsamu unaishia kwenye dari bandia, juu yake kuna uwazi unaounganisha vyumba vyote. Moshi unapanda kupitia matundu ya taa na kuteremkia ukumbi wa chakula. Pandisha ukuta mpaka kwenye zege, kisha ziba matundu ya nyaya na mabomba.

Kosa la pili ni kuamini split, yaani AC ya chumba kimoja yenye kipande cha ndani na cha nje. Split ya kawaida haiingizi hewa safi. Inavuta hewa ile ile ya chumbani, inaipoza na kuirudisha. AC ya jengo zima ni mbaya zaidi: mdomo wa kurudisha hewa ukiachwa ndani ya chumba hicho, moshi unafika kila ofisi. Uzibe. Feni ya kutoa hewa itoe nje, mbali na madirisha.

Kupima ni rahisi. Funga mlango, washa feni, shika ukanda wa tishu kwenye upenyo wa chini ukiwa upande wa nje. Ukivutwa kuingia ndani, hewa inakwenda inakotakiwa. Ukining'inia tu au kusukumwa kwako, moshi unatoka. Rudia feni ya jikoni ikiwa inafanya kazi, maana ikiizidi nguvu ile ya chumba cha sigara, moshi unaishia kwenye sahani za wateja. Wavu wa feni nao husafishwa mara kwa mara. Utando wa lami na vumbi unaipunguzia nguvu.

Pamoja na hayo yote, ushauri wangu ni msikijenge. Mwongozo uliopitishwa 2007 chini ya mkataba wa kudhibiti tumbaku wa WHO (Shirika la Afya Duniani) unasema wazi kwamba mitambo ya hewa haitoshi kumlinda mtu na moshi. Na anayeingia humo kumwaga majivu ni mfanyakazi wenu, kila zamu.

Mdau, Kampala

Huku hicho chumba hakipo. Sheria ya 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, inakataza kuvuta mahali pa umma, kazini na kwenye usafiri wa umma, pamoja na mita 50 kuvizunguka. Chukueni tepu mpime: kwenye kiwanja cha mjini, mita 50 zinavuka ua na kuingia dukani kwa jirani, naye duka lake lina mita 50 zake. Kwa hiyo baraza na bustani ya bia haviwaokoi. Shisha nayo imekatazwa, na ni haki: makaa yake yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu.

Afisa wa afya ya umma, Nakuru

Ondoeni visahani vya majivu mezani kabla ya kubandika mabango. Kisahani kikiwepo, mteja anasoma ruhusa. Mabango yawe mlangoni, kaunta na vyooni.

Mteja akiwasha, mhudumu aende na kisahani chenye maji kidogo: "Samahani bosi, humu ndani haturuhusiwi kuvuta, naomba uizime." Akikataa, meneja aje mwenyewe. Akikataa tena, asihudumiwe, aombwe kutoka. Andikeni daftarini tarehe, saa, meza na hatua iliyochukuliwa. Mhudumu asiachiwe ugomvi huo peke yake, hasa usiku.

Msimamizi wa magari, Eldoret

Matatu ikiwa tupu stendi bado ni gari la abiria. Dereva asivutie ndani hata madirisha yakiwa wazi. Vitambaa vya viti vinanasa moshi na anayepanda baadaye anauvuta.

Swali: Na wanaojificha chooni au kwenye ngazi za dharura?

Fundi wa AC, Mombasa

Chooni hatari kubwa ni kipisi kutupwa kwenye ndoo ya tishu, moto unaanza polepole wakati hakuna mtu. Tumieni ndoo za chuma zenye kifuniko. Mlango wa dharura usitiwe kufuli kwa sababu ya wavutaji, watu watanasa siku ya moto. Fungeni king'ora kinacholia mlango ukifunguliwa, na betri yake ijaribiwe kila mwezi.