Mrejesho: tulienda wenyewe kwenye baraza la madiwani

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama kikundi cha wakazi kinaruhusiwa kuingia baraza la madiwani, maana tulisikia juu juu kwamba soko letu linahamishiwa nje ya mji.

Mliosema mikutano ya baraza ni ya wazi mlikuwa sahihi. Tulienda watu saba. Mlinzi getini akadai barua ya mwaliko. Tukamwonyesha tangazo lililobandikwa ubaoni hapo hapo, akatupisha. Ndani unasikiliza tu, huongei. Kukaa kimya saa tatu huku watu wanajadili riziki yako, asikwambie mtu!

Kosa letu ni kuchelewa. Hoja ya kuhamisha soko ilishapikwa kwenye kamati za baraza, baraza likapitisha kwa dakika chache. Sasa tumepeleka maoni kwa maandishi kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani mwenyewe, hivyo hawezi kusema hakuyaona. Hatupingi kuhama (soko lenyewe mvua ikinyesha ni bwawa). Tunachotaka ni orodha ya vizimba (sehemu za kufanyia biashara sokoni) ibandikwe hadharani kabla ya kugawa.

Baraza la robo ijayo tutakuwepo. Mama ntilie nao wamesema wanakuja.