Bioteknolojia SUA, UDSM au Maabara Muhimbili? Mpwa wangu ana PCB, tushaurini

Mjomba_wa_Kibaha

Wakuu, habari za muda huu. Nina mpwa wangu wa kike kamaliza kidato cha sita, PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), na kafaulu vizuri. Anataka "mambo ya vinasaba na chanjo", ndivyo anavyosema mwenyewe. Mezani kuna Bioteknolojia na Sayansi za Maabara ya SUA (chuo cha kilimo, Morogoro), Biolojia ya Molekuli na Bioteknolojia ya UDSM (Mlimani, Dar), na Sayansi za Maabara ya Tiba pale MUHAS (chuo cha afya, Muhimbili). Shangazi yake yuko Nairobi, naye anamvutia chuo kikuu cha JKUAT kule Juja, Kenya.

Baba yake kasema kama si udaktari basi ni kupoteza hela. Mimi sikubaliani naye, ila sina hoja ya kumjibu. Nisaidieni: akimaliza, anaajiriwa wapi na kwa cheo gani? Nawasilisha.

Pipeti_Kavu

Mkuu, kabla ya kulinganisha vyuo, linganisha leseni. Hapo ndipo vijana wengi wanapokwama, na wanagundua wakiwa mwaka wa mwisho.

Akisoma MUHAS maabara ya tiba, akimaliza anafanya utarajali (mafunzo ya kazi kabla ya leseni), anasajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, na jina lake linaingia kwenye kada inayojulikana: Mteknolojia wa Maabara. Ajira za serikali zikitangazwa, kada hiyo ipo. Hospitali binafsi akipeleka bahasha, wanajua wamweke wapi.

Akisoma bioteknolojia, iwe SUA au Mlimani, hana baraza hilo. Anaweza kujua PCR (kipimo cha kunakili na kutambua vinasaba) kuliko yule wa Muhimbili, lakini hawezi kukaa maabara ya hospitali akasaini majibu ya mgonjwa. Nafasi zake ni nyingine: afisa utafiti TARI (utafiti wa kilimo) au NIMR (utafiti wa tiba), miradi ya vyuo, udhibiti wa ubora viwandani, mamlaka kama TMDA (ya dawa na vifaa tiba), na Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ndiye mwenye dhamana ya vinasaba vya binadamu kwa sheria ya 2009. Nafasi nzuri hizo, ila ni chache na zinagombewa na watu wa kemia, mikrobiolojia na wengine kibao.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa binti: anataka kumhudumia mgonjwa au kutafiti? Akijibu "vyote", MUHAS kwanza, utafiti baadaye. Mtu wa maabara ya tiba anaweza kusoma shahada ya pili ya bioteknolojia. Aliyeanzia bioteknolojia akitaka leseni ya hospitali, anarudi darasani upya.

Mhogo_Mkavu

Pipeti kasema kweli kuhusu leseni, ila kaifanya bioteknolojia ionekane kama njia ya waliokosa. Mimi ni zao la SUA na sijutii.

Watu wakisikia bioteknolojia wanawaza GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa jeni. Hapa nchini majaribio ya mahindi ya GMO yalianza 2016 pale Makutupora, Dodoma, na 2018 serikali ikayasimamisha. Ungedhani taaluma ilizikwa siku ile. Wapi! Kazi kubwa ya bioteknolojia ya kilimo si kubadili jeni, ni kutambua magonjwa na kuzalisha mbegu safi.

Chukua muhogo. Una magonjwa mawili ya virusi, batobato na michirizi ya kahawia. Michirizi ndiyo mbaya zaidi, maana majani yanaweza kuonekana ya kawaida huku mzizi ukiwa umeoza ndani. Mkulima akimgawia jirani vipando, kamgawia na ugonjwa. Kazi yetu: unachuma jani shambani, unalihifadhi vizuri lisiharibike njiani, maabara unalisaga, unatoa vinasaba, unapima kwa PCR kama virusi vipo. Kipando kikiwa safi, unakata ncha ya chipukizi ndogo mno, unaiosha kwa dawa, unaipandikiza kwenye chupa yenye chakula chake, ndani ya kabati lenye hewa iliyochujwa. Kisu unakipitisha kwenye spiriti na moto kila mara. Ukizembea, baada ya siku chache chupa nzima imeota ukungu mweupe na kazi yako umeitupa. Mtu asiye na subira hiyo asiende huko hata kama ana alama zote.

TARI Mikocheni, Dar, wanafanya hayo. Arusha kuna Kituo cha Mbogamboga cha Dunia na makampuni ya mbegu. Huko hawakuulizi baraza, wanakuuliza mikono yako inaweza nini.

Pwani_Binti

Salaam kutoka Kilifi. Nimjibu mjomba kuhusu Kenya, maana nimesoma huku.

Shahada ya bioteknolojia huku ni miaka minne, Tanzania mitatu. Hapo tayari umeongeza mwaka wa karo, na kwa mwanafunzi kutoka nje karo haiwi ile ya mwenyeji. Mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya Tanzania) nao usiuhesabu mpaka uwe umeuliza wenyewe. Leseni ni yaleyale: huku tuna bodi ya maabara ya tiba, na mtu wa bioteknolojia haingii.

Kenya inapoishinda Tanzania ni wingi wa taasisi kubwa za utafiti. ILRI, ya utafiti wa mifugo, iko Nairobi, icipe iko Kasarani kwa mambo ya wadudu, KEMRI-Wellcome, ya utafiti wa tiba, iko hapa Kilifi, KEVEVAPI wanatengeneza chanjo za mifugo. Mwanafunzi wa Juja anaweza kwenda kwenye semina Nairobi na kurudi jioni. Lakini hizo taasisi zinachukua watu wa kanda nzima. Nina wenzangu Watanzania hapa waliokuja kwa shahada ya pili bila kulipa chochote, na shahada ya kwanza waliisomea kwao. Ningekuwa mimi, ningesoma nyumbani kwanza.

Jambo jingine, asichague kwa kufuata vichwa vya habari. 2022 Moderna, kampuni ya chanjo ya Marekani, walitangaza kiwanda cha chanjo Kenya, vijana wengi wakakimbilia bioteknolojia. 2024 wakasimamisha mpango. Mwaka huohuo wa 2022 serikali ikaondoa marufuku ya GMO, kesi zikafuata mahakamani. BioNTech wa Ujerumani nao wamejenga Kigali, na hicho kipo kweli, ila kiwanda cha namna ile kinaendeshwa na watu wachache waliobobea, hakimwagi ajira kama kiwanda cha nguo.

Bwana_Mbu

Mimi niko kwenye utafiti wa malaria, Bagamoyo. Kama binti anapenda chanjo, ajue kwamba chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo WHO waliipendekeza 2021, ilijaribiwa hapa na Korogwe. R21, chanjo nyingine ya malaria, nayo ilipita hapa. Kwa hiyo si ndoto, kazi inafanyika mlangoni kwetu.

Ila naomba nimwambie ukweli ambao matangazo ya vyuo hayasemi. Kwenye utafiti unaajiriwa na mradi. Mradi una mkataba, mkataba una mwisho. Mfadhili akifunga mkoba, nanyi mnafunga virago. 2025 Marekani walipoifunga USAID, shirika lao la misaada, watu wenye familia walirudi kuandika barua za maombi kama wahitimu wapya. Mwenye leseni ya maabara ya tiba alipata pa kujishikiza. Wengine tulisubiri.

Nina lalamiko moja pia: kuna sehemu, siitaji, nilijitolea muda mrefu kwa nauli tu, tena nauli yenyewe ya kukumbushia. Akiambiwa "jitolee tutakuangalia", aombe maandishi na tarehe ya mwisho.

Kodi_na_Jeni

Naona wote mko kwenye pipeti, yaani kazi za maabara. Hakuna aliyetaja bioinfomatiki, kuchambua data za vinasaba kwa kompyuta.

Maabara inahitaji vitendanishi vinavyoagizwa nje, friza ya nyuzi joto 80 chini ya sifuri, na umeme usiokatika. Kuchambua vinasaba kwa kompyuta kunahitaji laptopu ya kawaida na intaneti. Data za NCBI (hazina ya vinasaba ya Marekani) ni bure, lugha za programu za R na Python ni bure, na mtandao wa H3ABioNet umefundisha Waafrika wengi bila ada. Shahada ya pili ipo Makerere na ipo Chuo Kikuu cha Pwani. Mimi niko Mwanza na nafanya kazi na watu ambao sijawahi kuonana nao.

Asome UDSM, maana msingi wa molekuli ni mzito, na jioni ajifunze kuandika programu. Basi.

Pipeti_Kavu

Mkuu Kodi, "basi" yako ina haraka. Mtu ambaye hajawahi kuchafua sampuli mwenyewe hatajua data imechafuka. Nimeona mchambuzi anashangilia jeni mpya kwenye sampuli ya ng'ombe, kumbe ni vinasaba vya aliyeishika bila glavu. Ajifunze vyote, sawa, lakini pipeti ianze.

Kodi_na_Jeni

Hapo nakubali nusu.

Bia_na_Chachu

Viwandani pia kupo jamani. Bia, maziwa, maji, vyakula, kote kuna maabara ya ubora. Unapima chachu, unahesabu bakteria, unajaza fomu. Si kazi ya kuandikwa gazetini, ila mshahara unaingia tarehe inayojulikana. Mchumba wangu wa SUA yuko huko, mimi wa "chuo kikubwa" bado nafukuzia ufadhili.

Halafu Mjomba, wewe si unakaa Kibaha? Mbona unatafuta mbali! Hapo hapo kwenu kuna kiwanda cha viuatilifu vya kuua viluwiluwi vya mbu, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba. Wanakuza bakteria kwenye matangi makubwa, wakidhibiti joto, hewa na chakula chake, kisha wanavuna. Hiyo ndiyo bioteknolojia ya kiwandani yenyewe. Na Wakala wa Maabara ya Veterinari wanazalisha chanjo za mifugo hapo hapo Kibaha, za kideri, kimeta na chambavu.

Mjomba_wa_Kibaha

Kumbe! Napita pale kila siku nikidhani ni ghala. Sasa kati ya SUA na UDSM, kama MUHAS tukiiweka pembeni?

Mhogo_Mkavu

Kama ni chanjo za mifugo na magonjwa yanayotoka kwa wanyama kuja kwa watu, SUA. Wana ndaki ya veterinari, wana wanyama, wana kituo cha SACIDS kinachoshughulika na magonjwa ya kuambukiza. Atashika sampuli halisi mapema.

Kama ni nadharia ya jeni, na anafikiria kufika udaktari wa falsafa (PhD), UDSM. Akiwa Dar yuko karibu na Mikocheni, Mkemia Mkuu na Muhimbili, kwa hiyo mafunzo kwa vitendo hahami mji. Chuo cha Nelson Mandela kule Arusha akiweke akilini kwa baadaye, maana ni chuo cha shahada za juu.

Na kama matokeo yake ni ya juu kabisa, aangalie Samia Scholarship, ufadhili wa serikali, kabla ya kujaza mkopo wowote.

Pwani_Binti

Niongeze: bioteknolojia bila shahada ya pili ni nusu safari. Mwenye MUHAS anaweza kusimama kwenye shahada ya kwanza maisha yake yote na akala. Wa bioteknolojia apange tangu mwaka wa kwanza kwamba ataomba ufadhili. DAAD, shirika la ufadhili la Ujerumani, wana nafasi za kusoma humu humu Afrika. Na wanaomba barua ya mwalimu anayekujua kwa jina, si kwa namba ya usajili.

Mjomba_wa_Kibaha

Nimemsomea mpwa wangu uzi wote. Kasema MUHAS iwe chaguo la kwanza, SUA la pili, na Juja kaifuta, shangazi atanisamehe. Baba yake kasikia neno "leseni" akatulia kidogo. Jumatatu nampeleka hapo kiwandani kuomba kujifunza wakati anasubiri chuo. Aende na nini?

Pipeti_Kavu

Barua ya shule, matokeo, kitambulisho. Na viatu vya kufunika mguu mzima, Mjomba. Akifika na ndala ataishia getini kwa mlinzi.