Tuliokulia mashamba ya milimani kusikofika gari, tupeane uzoefu wa maisha ya nyumbani

Wakuu habari za saa hizi. Mi nimekulia Matombo, milima ya Uluguru, kule juu ambako gari unalisikia tu likihangaika huko bondeni. Naomba tuliolelewa kwenye mashamba ya mteremko tusimulie familia zetu zilikuwa zinaishije, maana watoto wetu wa mjini hawana picha kabisa.

Naanza mimi. Kwetu mzigo wote ni kichwani. Ndizi, mananasi, karafuu zikikauka, vyote vinashuka kichwani mpaka barabarani na kurudi mnapandisha chumvi, sabuni na mafuta ya taa, kwahiyo hakuna mtu alikuwa anashuka mikono mitupu, hata ukitumwa kumwita mtu tu bibi atakwambia subiri, beba na hiki. Siku ya gulio mnaamka bado giza, mama anatangulia na mkungu juu ya ngata ya majani makavu ya mgomba, sisi nyuma yake na vichane, njia inateleza hatari unashikilia kwa vidole vya miguu, viatu viko mkononi vinavaliwa mkifika chini.

Shamba lenyewe ni la ukoo wa mama, Waluguru ndo tulivyo, ardhi inafuata upande wa mama. Baba alikuwa analima ukweni, na akitaka kupanda mikarafuu lazima aongee kwanza na mjomba, sababu mti wa kudumu ni kama kusema hapa ni pangu. Mahindi limeni tu, hakuna neno. Mi hilo liliniuma sana kwa ajili ya mzee wangu, jasho lake liko pale na hakuwa na sauti. Ila dada zangu leo wana pa kulima bila kumuomba mtu, na hilo nalo sio dogo.

Babu alikuwa anatusimulia mwaka 1955 watu wa huku walivyogomea matuta ya lazima ya mkoloni. Anasema kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo, halafu udongo wa chini usio na rutuba ndo unaletwa juu, sasa ule nini?

Karibuni.

Mmatengo wa Mbinga: Asante mkuu kwa uzi. Sisi kwetu ni ngoro, yaani kilimo cha mashimo mteremkoni. Baba na kaka wanafyeka nyasi wanazilaza chini kwa mistari inayokatana, vinatokea kama vyumba vya mraba mlima mzima, halafu mama na dada wanachimba udongo katikati ya kila chumba wanafukia zile nyasi, panabaki shimo na tuta kulizunguka. Maharage mwezi wa 3 juu ya tuta, mahindi msimu unaofuata. Mvua ikipiga maji yanabaki shimoni hayaondoki na udongo, na nyasi zinaozea humo humo ndo mbolea. Ila niseme ukweli, kufyeka kunaisha mapema, kuchimba ndo kazi, na hela ya kahawa ikija ilikuwa inaishia kwa mzee. Mama zetu walidhulumiwa, tusipakepake rangi.

Binti Mpare: Same, Upareni. Sisi maisha yalikuwa zamu ya maji. Ndiva, lile bwawa dogo la kukusanyia maji ya mfereji, inafungwa jioni ijae usiku, asubuhi inafunguliwa, wazee wanajua leo nani kesho nani. Siku yenu ikifika nyumba nzima mko mferejini na majembe mnasogeza maji tuta kwa tuta, mmoja anawekwa kulinda kule juu maana ukizubaa tu mtu kashaelekezea kwake. Nilikuwa nawekwa mimi, mdogo ila nina sauti.

Lushoto juu: Mwaka aliozaliwa mdogo wangu mama alishikwa uchungu usiku wa masika. Baba akapiga ukelele tu pale uwanjani, taa zikaanza kuwaka mlima wa pili, kila nyumba ikatoa mwanaume. Machela ya miti miwili na blanketi, wanapokezana bila kusimama, kwenye mteremko mkali, wa mbele wanainua mabegani, wa nyuma wanashusha mpaka kiunoni ili mama asiteleze. Akajifungua salama kituoni. Na mpaka leo mtu wa kule akiuguliwa baba yangu haulizi ni nani, anatoka.

Mmatengo wa Mbinga: @Lushoto juu hapo kwenye mabega na kiuno umenikumbusha mbali sana.

Mleta uzi: Nimesoma yote nashukuru. Waliobaki kule sa hivi mzigo mnashushaje?

Binti Mpare: Kiangazi bodaboda inafika mpaka karibu na nyumbani. Masika haipandi, tangawizi inashuka kichwani hivyo hivyo, na mchuuzi anajua kwahiyo anakata bei. Hapo ndo panaumiza.