Mjadala: Masasisho ya mashine za maji yatoke Tanga au ng'ambo?

Fundi wa Ngamiani:
Asalaam aleikum, wakubwa na wadogo. Kamati ya mradi wetu wa vioski vya maji itakaa mwezi ujao, ndiyo maana naleta jambo hili mapema. Kila kioski, Pongwe hadi Maweni, kina mashine: unagusisha kadi, vali inafunguka, ndoo inajaa. Ndani mna kompyuta ndogo ya Linux, na programu yake husasishwa kutoka kwenye seva ya muuzaji, ng'ambo. Mwaka jana sasisho lilishuka usiku bila taarifa. Kulipokucha, vioski vinne havisomi kadi. Kina mama walisimama na ndoo tupu mpaka adhuhuri, sisi tukiandika barua pepe zisizojibiwa.

Nasema seva ya masasisho tuiweke wenyewe. Programu huria zipo, Mender na hawkBit. Mender husimikwa juu ya Kubernetes, mfumo unaozigawa kontena, yaani programu zilizofungashwa na mahitaji yake, kwenye kompyuta kadhaa na kuiwasha tena kontena iliyoanguka. Jina lake ni la Kigiriki, maana yake mshika usukani, na mtu wa pwani anajua chombo kisicho naye huishia wapi.

Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom ziliharibika, intaneti ikazorota nchini. Agosti 2023 Google walifunga IoT Core, huduma yao ya kuunganisha vifaa, na wateja wakalazimika kuhama. Ikiwa kampuni kubwa kiasi hicho hufunga, muuzaji wetu ana dhamana gani?

Dada wa Raskazone:
Kaka, uchungu wako naujua, lakini hoja ya kebo haisimami. Sasisho likichelewa siku mbili maji hayakatiki. Kinachokata maji ni sasisho baya, na baya linaweza kutoka hata chumba cha pili.

Nimetunza seva miaka sita. Mender peke yake inataka hifadhidata ya MongoDB, inataka NATS ya kupitishia ujumbe, inataka ghala la mafaili na vyeti vya TLS, vya kulinda mawasiliano, ambavyo muda wake huisha. Kubernetes nayo, ukitaka istahimili, inataka mashine tatu za usimamizi: ikifa moja, mbili zinaendelea. Lazima zaidi ya nusu ziwe hai. Ukiweka mbili, ikifa moja usimamizi wote umesimama, kwa hiyo ya pili haijakuokoa kitu. Ongeza betri za kukabili umeme unaokatika, ongeza chumvi ya bahari inayokula vyuma huku kwetu. Kwa vioski arobaini? Kompyuta moja na nakala nzuri ya akiba inatosha.

Mama wa Pongwe:
Wanangu, mimi nauza maji, hayo makontena siyajui. Siku ile nilipiga simu tangu saa kumi na moja alfajiri. Niambieni: seva ikiwa yenu, nani atapokea?

Fundi wa Ngamiani:
Dada, kwenye kebo umenishinda, nimeiondoa hoja hiyo. Kwenye kompyuta moja sikubali. Wenye Mender wenyewe njia ya kompyuta moja kwa Docker Compose, zana ya kuwasha kontena bila Kubernetes, wanaielekeza kwa majaribio. Kazi ya kweli wanaipeleka Kubernetes. Mashine tatu ndogo na K3s, Kubernetes iliyopunguzwa uzito, tunazimudu.

Nawe umegusa penyewe: sasisho baya. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa kuwa lilipelekwa kila mahali kwa mpigo. Mender hugawa diski ya kifaa sehemu mbili. Toleo jipya huingia ile isiyotumika, na likishindwa kuwaka kifaa hurudia la zamani. Kinga hiyo inafanya kazi seva iwe popote. Lakini kadi kutosomeka si kushindwa kuwaka! Mashine iliwaka vizuri siku ile, ikajiona nzima. Lazima tuandike kipimo chetu, kadi ya majaribio isomwe na vali ijibu, ndipo toleo likubaliwe. Kisha vioski viwili vitangulie, siku tatu, mchana, fundi akiwa karibu. Mwenye seva ndiye anayepanga ratiba hiyo, na leo si sisi.

Ufunguo wa siri wa kutia sahihi masasisho, ili mashine zijue ni yetu, usikae kwenye klasta, yaani zile mashine tatu, hata siku moja. Ukae kwenye kompyuta isiyo na intaneti, kabatini, lifunguliwe na watu wawili. Akivunja mtu seva yetu, mashine zitalikataa sasisho lake.

Mama, shikamoo. Swali lako sikuwa nimeliandika popote, na lilistahili kuwa la kwanza. Zamu ya simu, alfajiri ikiwemo, itabandikwa kila kioski kabla seva haijawashwa, na malipo ya zamu yatakuwa kwenye bajeti. Kamati ikikataa kulipia zamu, mimi mwenyewe nitapiga kura tubaki kwa muuzaji.

Dada wa Raskazone:
Kwa sharti hilo, nipe zamu ya Jumamosi.