Nimerudi toka Newala naambiwa polisi wananitafuta. Nianzie wapi?

Cherehani_Magomeni

Ndugu zangu, asalaam aleykum. Naandika mikono inatetemeka, mnisamehe nikichanganya.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara mjini, Magomeni. Wiki tatu nilikuwa Newala kwa mama, tunaokota korosho, maana mwaka huu mgongo unamsumbua na vibarua wamepanda bei. Shambani kwetu mtandao ni wa kupanda kichuguu. Nimeshuka Jumamosi jioni, hata mzigo sijautua, mtoto wa jirani ananiambia, "Dada, polisi walikuja kwako." Nikadhani mambo ya watoto. Nikaenda kwa mjumbe wetu, mzee wa heshima zake, akanikalisha kwenye mkeka ndipo akasema.

Walikuja Jumatano, wawili, mwanamke mmoja na mwanaume mmoja, hawakuvaa sare. Hawakusema kosa. Walitaja jina langu, la baba na la babu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mtaani hapa mimi ni Fundi au Mama Swaumu, jina la babu yangu halijui mtu, hata baba mwenye nyumba. Wamemwachia mjumbe namba ya simu kwenye kipande cha daftari, nikirudi nipige.

Sijawahi kuingia kituo cha polisi zaidi ya siku ile nilipopoteza pochi nikaenda kuchukua taarifa ya upotevu. Sina kesi na mtu. Deni nililonalo ni la vitambaa vya sare za shule, na mwenye duka tunaelewana. Nimeipitia miaka yangu yote kichwani toka Jumamosi, nani nimemkosea, sipati.

Nipige hiyo namba? Niende? Nimtume mtu kwanza? Jumatatu ni kesho.

Mwana wa Nanyamba

Pole dada. Mimi ningekuwa wewe ningegeuza na gari la alfajiri kurudi Newala. Kaa kwa mama mpaka yapoe. Polisi wakikuhitaji kweli watakufuata, na kama si la maana watasahau. Mtu mnyonge akiingia pale kwa miguu yake, kutoka ni majaliwa.

Mjomba_Mitwero

Mwana wa Nanyamba, nakuheshimu, ila usimpe dada wa watu ushauri huo. Mimi niliufuata.

Nipo Lindi, naendesha bodaboda. Mwaka juzi kijana mwenzangu wa kijiweni akaniambia afande kaja kukuulizia. Sikuuliza kwa nini. Nikachukua nguo mbili nikaenda Nachingwea kwa shemeji, nikakaa wiki tatu. Pikipiki imelala, mke anakopa unga. Nikiona gari jeupe naingia ndani. Siku nilipochoka nikaenda kituoni mwenyewe, kumbe walitaka maelezo yangu tu. Nilishuhudia ajali pale Mnazi Mmoja, njia panda ya Mingoyo, gari lilimgonga mama mmoja na mimi ndiye niliyempakia dereva wa gari akitafuta maji. Wiki tatu wale ndugu wa majeruhi walikuwa wanangoja mtu aliyeona kwa macho. Yule mama alipona ila mguu hauko sawa. Nikikutana na mwanawe sokoni naangalia chini hadi leo.

Nenda dada. Nenda kesho asubuhi, usiende peke yako.

Mama Rukia

Mwanangu, pole sana. Soma tena ulichoandika mwenyewe. Majina matatu, na la babu limo. Mtu wa mtaani akikushtaki angesema Fundi wa Magomeni, au Mama Swaumu. Anayekujua kwa majina matatu kakusoma kwenye karatasi, na majina hayo yako kwenye kitambulisho cha taifa. Na kitambulisho cha taifa siku hizi kinabeba nini zaidi? Laini ya simu.

Toka tuanze kusajili kwa alama za vidole mwaka 2019, laini ikifanya uovu, jina linalotoka ni la mwenye kidole. Kabla hujalala leo piga *106#, utafute sehemu ya kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Andaa namba yako ya NIDA, ile ya tarakimu 20 inayoanza na mwaka wako wa kuzaliwa. Fanya hivyo kwa kila mtandao unaoutumia, kwa sababu kila mmoja unakuonyesha za kwake.

Na hiyo namba ya kwenye daftari usiitumie shilingi, hata wakikuambia ni ya kufunga jalada. Matapeli nao wanajiita afande. Ofisi ya polisi ina mlango, pita mlangoni.

Msaidizi_Sheria_Ruangwa

Mama Rukia kamaliza sehemu kubwa. Naongeza ya kituoni, maana hiyo ndiyo kazi yangu ya kujitolea huku wilayani.

Dada, kutafutwa si kushtakiwa. Polisi anayepeleleza anaweza kumwita kwa maandishi mtu yeyote anayedhani anajua jambo kuhusu kesi, awe shahidi au mwingine. Ukifika, swali lako la kwanza kwa adabu liwe, "Afande, nimeitwa kama nani?" Shahidi au mtuhumiwa, ni mambo mawili tofauti. Wakisema mtuhumiwa, una haki ya kuelezwa kosa, na ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa msingi wa kumhoji aliyewekwa chini ya ulinzi ni saa 4. Unaweza kuongezwa, ila si mtu kuhojiwa mchana na usiku mpaka achoke aseme lolote. Dhamana hailipiwi. Ukipekuliwa mwilini, akupekue mwanamke.

Lakini ukisahau yote shika hili moja: maelezo utakayotoa yataandikwa na mtu mwingine kwa mkono wake. Usitie sahihi mpaka umesoma neno kwa neno. Kama macho yanakusumbua, aliyekwenda nawe asome. Kosa likiwemo, omba lirekebishwe palepale, ni haki yako. Nimeona watu wakiteseka mwaka mzima kwa neno moja lililoandikwa vibaya.

Cherehani_Magomeni

Nimepiga *106# usiku huuhuu. Mimi nina laini mbili, kila moja mtandao wake. Kwenye mtandao mmoja nimeikuta namba ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu, kwa jina langu, na la babu limo.

Nimekumbuka, Mama Rukia. Mwezi wa sita nilimpeleka mama hospitali Ndanda, tukarudi kwa njia ya Masasi ili tupande gari la Newala. Simu yangu ilikuwa imeibiwa, nikataka kurudisha laini. Pale stendi palikuwa na kijana chini ya mwamvuli. Akaniambia weka kidole. Hakijasoma. Futa jasho, weka tena. Hakijasoma. Niliweka mara nne. Nikaona ni vidole vya fundi, sindano zimevichubua, hata nikamwomba radhi kwa kumchelewesha.

Kesho naenda na baba mdogo na mjumbe.

Mama Rukia

Nenda na kitambulisho chenyewe, na uandike kwenye karatasi siku ile mlipotoka Ndanda. Kadi ya hospitali ya mama ina tarehe. Hiyo ni ushahidi.

Cherehani_Magomeni

Nimerudi. Alhamdulillah niko nyumbani.

Tulifika saa 2 asubuhi, tukaitwa saa 5. Mpelelezi ni yule dada aliyekuja mtaani, wala hakunifokea. Nilimuuliza nimeitwa kama nani, akaniangalia kidogo, kisha akasema inategemea na nitakayoyaeleza. Mkulima mmoja wa Tandahimba alipigiwa simu na mtu aliyejifanya anauza salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, na maturubai kwa bei nafuu. Akatuma 480,000, hela ya palizi na ya ada ya mtoto. Laini iliyopokea ndiyo hiyo yenye jina langu. Nilipomsikia akitaja palizi nilishindwa kujizuia, nililia, kwa sababu najua jasho la hela hiyo. Nimetoka kuokota korosho juzi tu.

Nikaeleza ya Masasi. Baba mdogo akatoa kadi ya mama. Mpelelezi akaandika kurasa mbili, akanigeuzia nitie sahihi. Nikasema, "Afande, naomba nisome." Msaidizi wa Sheria, Mungu akulipe. Ukurasa wa pili paliandikwa "niliuza laini kwa kijana stendi ya Masasi." Mimi nilisema nilisajili laini. Neno moja! Nikamwonyesha. Akasoma, akasema samahani, mkono umeteleza, akakata na kuandika upya, nikatia sahihi ndogo pembeni ya lile lililokatwa, kisha ya mwisho chini.

Hawakunizuia. Nilitaka kwenda kuifunga ile laini leoleo, kaniambia nisiiguse kwanza maana wanaifuatilia. Alhamisi naenda nao Masasi nikawaonyeshe ulipokuwa mwamvuli. Sare za watu zitangoja.

Mwana wa Nanyamba, sikulaumu, nusu ya moyo wangu ilikuwa inataka hilo gari la alfajiri.

Mama Rukia

Siku ile mlikuwa na mama yako pale stendi. Yeye hakusajili kitu?

Cherehani_Magomeni

Alisajili. Alitangulia yeye, mimi nikafuata.

Nimempigia sasa hivi, kijana wa jirani kamshikia simu wakapiga *106#. Mama ana laini moja tu, ya kwenye kile kisimu chake cha tochi. Kijana ananisomea namba tatu.

Natafuta gari la kwenda Newala kesho. Nitamchukua, twende naye Alhamisi.