MJADALA: Ziwa Nakuru limeingia majumbani mwa watu. Bado tulitaje kama ushuhuda wa uaminifu wa Mungu?

Mwanzilishi, upande wa Menengai:

Wapendwa, Jumapili iliyopita kanisani kwetu kila mtu aliombwa ataje kitu cha kawaida cha nyumbani kinachomkumbusha uaminifu wa Mungu. Nilisimama nikataja ziwa. Sisi tunakaa huku juu, chini ya mlima Menengai, na alfajiri nikifungua mlango wa jikoni kumwaga maji ya vyombo naliona kule chini, kijivu kwanza, halafu taratibu linashika rangi ya chai ya maziwa, halafu jua linalipiga na siwezi tena kulitazama. Kabla sijaketi, mama mmoja aliyekuwa akikaa Mwariki, mtaa ulio karibu na ziwa, alisema nyuma yangu, wala si kwa sauti kubwa: "Hilo unaloshukuru lililala sebuleni kwangu." Kukawa kimya, kisha wimbo ukaanzishwa.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo, ndiyo maana nauleta mjadala hapa. Msimamo wangu ni kwamba tushukuru. Ziwa hili nililiona likikauka katikati ya miaka ya 1990, upepo ukileta vumbi jeupe la magadi hadi kwenye kamba za nguo. Tuliomba maji. Tangu karibu mwaka 2010 yamepanda hadi lango kuu la zamani la mbuga likazama na migunga ikafia majini ikiwa imesimama. Heroe wengi, wale tunaowaita flamingo, walihamia Ziwa Bogoria, kwa sababu maji ya mvua yamezimua magadi na mwani wanaokula umepungua. Lakini kwenye matawi makavu ya migunga ileile sasa wanatua mnandi na wari. Mungu hajaondoka ziwani. Nani anaona vingine?

Aliyehama Barut:

Dada, Mungu akubariki kwa moyo huo, lakini kutoka huko juu ziwa ni mandhari. Sisi maji hayakutujia kwa kishindo. Yalianzia chooni. Shimo lilijaa wakati wa kiangazi, tukadhani ni umri wake, tukachimba jingine, nalo likatoa maji kabla ya futi sita. Halafu sakafu ya jikoni ikawa na unyevu usiokauka. Halafu ukutani ukatokea mstari mweupe wa chumvi, kila juma ukipanda kama upana wa kidole. Mke wangu alikuwa akiutia alama kwa kaa la jiko. Alipotia alama ya nne tukahama.

Uzuri siukatai. Ninachokataa ni jinsi jina la Mungu linavyotumiwa hapa. Tulipokwenda kwenye ofisi moja kuuliza habari ya msaada tuliambiwa tuombe, kwa kuwa hili ni jambo la Mungu. Hati ya shamba ninayo mpaka leo, mawe ya mpaka yako chini ya maji. Na ziwa hili halina mto unaotoka! Mito ya Njoro, Makalia na Nderit yote inashusha maji humo kutoka upande wa msitu wa Mau, na Mau ilikatwa na watu wenye mashoka na vibali. Kila tukiimba uaminifu penye maji hayo, kuna mtu mahali fulani anapata ahueni asiyostahili.

Mkulima wa Njoro:

Ndugu yangu wa Barut, pole sana. Ila tusiutwike msitu kila kitu. Baringo limepanda, Naivasha limepanda, hata Turkana, na si yote yanayonywa kutoka Mau. Mvua ilizidi. Shamba langu linapakana na mto, kwa hiyo nasema nilichokiona. Mwaka 2009 tulilisha ng'ombe mabua makavu mpaka wakaanguka. Mvua iliporudi nilipiga magoti kwenye matuta. Siwezi kumshukuru Mungu kwa mvua ya mahindi yangu, kisha niikane mvua ileile ikifika kwenu.

Mwalimu, Kisumu:

Naongeza la kwetu Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Magugu maji yakichanua hutoa ua la zambarau ambalo wageni hawachoki kulipiga picha. Na katikati ya maua hayo mashua imekwama, nyavu zimenaswa, na mama wa kukaanga samaki amekaa ufuoni na karai tupu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, sisi yametusumbua tangu miaka ya 1990, na mpaka leo upepo ndio unaoamua leo ufuo gani utafungwa. Kwa hiyo mimi sikubali macho peke yake yatoe ushuhuda.

Mwanzilishi:

Nimewasoma wote. Jumatano nilifanya lililonipasa kulifanya mapema, nilikwenda kwa yule mama. Amepanga chumba kimoja. Mlangoni kuna mikebe mitano ya mafuta ya kupikia iliyopandwa mchaichai. Aliung'oa kule Mwariki amesimama majini hadi magotini. Mashina mengi yalikuwa yameoza, yaliyopona akayabeba kwenye beseni la nguo. Alikata majani matatu, akayafunga fundo, akayatia kwenye sufuria, na chumba kizima kikanukia. Nikamwomba radhi. Akasema ziwa kusifiwa hakukumuudhi. Kilichomuuma ni kwamba tunasali benchi moja nyuma ya lingine na sijawahi kumuuliza alihamia wapi. (Haya nayaandika kwa ruhusa yake.)

Basi narekebisha kauli. Yale maneno "uaminifu wako ni mkuu" tunayoyapenda yako Maombolezo sura ya 3, kitabu kinachoulilia Yerusalemu ulioteketezwa, na sura iliyotangulia ina watoto wanaozimia kwa njaa njiani. Aliyeyasema alikuwa amekaa upande wa waliopoteza. Mimi niliyasema nikiwa sijapoteza kitu, tena mbele ya aliyepoteza. Nitaendelea kushukuru mlangoni pa jikoni, hilo siliachi. Ila aliyehama simwambii tena kwamba maji yale ni baraka, na "ni jambo la Mungu" lisiwe jibu la ofisi kwa mtu aliyeshika hati mkononi.

Mwalimu, tunatofautiana kidogo tu: ua la gugu ni zuri kweli, na rangi yake ni ya Mungu. Kulileta huku ni kazi ya watu.

Mkulima wa Njoro, juu ya maziwa mengine umesema kweli, mvua ndiyo iliyozidi. Lakini tope je? Masika mto Njoro unashuka na rangi ya matofali, na udongo huo haukunyesha kutoka mawinguni. Nakuuliza kwa heshima, kwa kuwa umesema shamba lako linapakana nao: unalima ukiishia hatua ngapi kutoka majini, na hapo ukingoni imebaki miti gani?