Boila ya mafuta inazima yenyewe: nitengeneze, ninunue mpya, au nihamie pampu ya joto?

Mtanga_Lewiston
Salaam wakuu. Nipo Lewiston, Maine, huku Marekani, kwenye nyumba ya zamani niliyonunua mwaka jana. Besimenti (chumba cha chini ya nyumba) kuna boila ya mafuta, mtambo unaochemsha maji ya kupasha nyumba joto, yenye umri wa zaidi ya miaka 25 na tangi la galoni 275. Jumanne gari la mafuta lilikuja, tangi likiwa karibu tupu. Alhamisi usiku boila ikazima. Nikibonyeza kile kitufe chekundu cha kuiwasha upya inawaka, inakohoa, inazima tena. Nimeshabonyeza mara nne. Nje ni digrii 15 chini ya sifuri, watoto wamelala na makoti.

Fundi niliyempigia hakutaka hata kuja kuiona, akaniambia kwenye simu nitoe yote niweke mpya. Kwa hiyo nina njia tatu: kutengeneza hii, kununua boila mpya ya mafuta, au pampu za joto, zile mashine za umeme zinazovuta joto la hewa ya nje na kulileta ndani, ambazo majirani wengi wanazo siku hizi. Nishaurini kwa uzoefu, ushabiki tuuache kwenye mpira.

Mama Divine
Kaka, kabla ya kulinganisha chochote, achana na hicho kitufe! Kila ukibonyeza, pampu inarusha mafuta ndani ya chumba cha moto, na yasipoungua yanatuama humo humo. Moto ukija kushika, unayashika yote kwa mpigo. Yalimkuta shemeji yangu: mlio kama bunduki, masizi hadi chumba cha juu, mapazia yalifuliwa mwezi mzima. Kitufe ni mara moja tu. Ikikataa, zima ile swichi yenye kibao chekundu hapo juu ya ngazi, uite fundi. Na umwambie ulibonyeza mara nne, usione haya, lazima ajue. Kengele ya kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, unayo?

Mtanga_Lewiston
Ninayo, juu na chini. Nimezima swichi, sigusi tena.

Fundi_Mstaafu
Mkuu, huyo aliyekuhukumia boila kwenye simu mwache aende zake. Mimi nimehangaika na mashine hizi miaka mingi na swali langu la kwanza huwa moja: inazima vipi?

Kama haiwaki kabisa, unasikia mota tu, nitatazama cheche: elektrodi, transfoma. Kama moto unawaka vizuri, umetulia, halafu unakatwa ghafla baada ya sekunde zile zile kila mara (15 hadi 45, inategemea kidhibiti), basi ni jicho. Ndani ya kichomeo kuna kijicho kinachotazama mwanga wa moto. Kikipakwa masizi hakioni kitu, na kidhibiti kinadhani mafuta yanamwagika bila kuungua, kinafunga. Lakini moto unaotetemeka na kukohoa kama ulivyosema ni njaa ya mafuta: filta imeziba, nozeli (kile kitundu kinachopulizia mafuta) imeziba, au hewa imeingia kwenye bomba.

Sasa tazama kalenda yako. Tangi karibu tupu, likajazwa Jumanne, ugonjwa Alhamisi. Tangi la zamani lina tope na maji chini. Gari likimimina mafuta kwa nguvu, tope lote linavurugika na kufuata bomba. Ningeweka dau langu kwenye filta.

Kuhusu kununua mpya: usihesabu umri, tazama mwili wa boila. Kichomeo kizima kinaweza kubadilishwa peke yake, kama kubadilisha kabureta bila kuuza gari. Chuma chenyewe kikipasuka na kuvuja maji, hapo ndipo unazika. Na tangi nalo likague, maana likioza na kumwaga mafuta besimenti utalia zaidi.

BabaZuhura
Naona mnamfunga na mafuta. Mimi nipo Portland, nimeweka pampu mbili za joto na sijutii. Hesabu ni hii: galoni moja ya mafuta ina joto la BTU (kipimo cha joto) 138,500 hivi. Boila nzuri inakupa asilimia 85 yake, nyingine inapanda dohani. Pampu inayotoa joto mara mbili na nusu ya umeme inaokula inahitaji kama yuniti 14 kukupa joto lile lile. Chukua bili yako ya umeme, zidisha bei ya yuniti kwa 14, weka pembeni ya bei ya galoni. Utajijibu mwenyewe. Halafu Efficiency Maine, shirika la jimbo la kuokoa nishati, wanarudisha sehemu ya gharama, kwa kiwango kinachotegemea kipato.

Fundi_Mstaafu
Hesabu yako sahihi, ila hiyo mbili na nusu si ya usiku wa baridi kali. Baridi ikizidi, pampu inatoa joto pungufu kwa umeme ule ule. Pia boila nyingi za huku ndizo zinazochemsha maji ya kuoga. Ukiizima unatafuta hita ya maji. Na besimenti inabaki baridi, mabomba yanaganda. Umeme ukikatika zote mbili zinalala, lakini boila inaamshwa na jenereta ndogo.

Mama Divine
Na kipato kikiwa kidogo, uliza shirika la misaada la wilaya yako kuhusu HEAP, mpango wa serikali wa kusaidia gharama za kupasha nyumba joto. Si mafuta tu, wenye nyumba wana njia ya kusaidiwa hata matengenezo ya boila. Wengi wetu hatuulizi, tunaona aibu. Wapangaji nao wajue: sheria ya Maine inamtaka mwenye nyumba awe na mtambo unaoweza kufikisha digrii 68 za Farenhaiti.

Mtanga_Lewiston
Mrejesho. Amekuja fundi mwingine, mwenye leseni. Filta ilipofunguliwa ilitoka kama uji wa ulezi uliolala. Amebadilisha filta na nozeli, akafuta jicho, akanyonya mafuta yaliyotuama kwenye chumba cha moto (hapo alinitazama sana), akatoa hewa kwenye pampu. Imewaka mara ya kwanza. Mwili wa boila mzima, hauvuji.

Nimeamua boila ibaki. Majira ya kuchipua nitaweka pampu moja ya joto sebuleni, itubebe miezi isiyo na baridi kali, halafu Januari tunarudi kwa bibi kizee wa chini. Pesa kubwa itaenda kwenye tangi: kuna jasho la mafuta kwenye mshono wa chini, fundi amesema nisivuke nalo msimu ujao.

Mama Divine
Alhamdulillahi. Na kitufe?

Mtanga_Lewiston
Nimekibandika plasta.